Babu ya Kupiga Shabaha: Katika Kuchagua Chombo na Kuupata Ustadi

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Huulizwa sana na vijana wenye kupenda shabaha: "Ninunue bastola ipi, ya kiwanda gani, ya thamani gani, ili nipate kushindana?" Suali hili si baya, lakini limewekwa mbele na mahali pake ni nyuma. Muulizaji amedhani kuwa ustadi hukaa ndani ya chuma, na mwenye kuinunua chuma ameununua ustadi. Dhana hii humpotezea mtu mali yake, na lililo baya zaidi, humtia mkononi chombo cha kuua kabla hajawa na mkono wa kukizuia. Basi tumeandika karatasi hizi kwa mukhtasari, tukazigawa fasili tano.

Fasili ya kwanza: Asili ya jambo hili

Jua, ndugu yangu, yakuwa kushindana kwa shabaha si jambo geni katika vitabu vyetu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja hukumu zake katika Minhaj, akaziunganisha na hukumu za mbio za farasi. Na Imam Shafii mwenyewe, aliyefariki Misri mwaka 204 (820), husimuliwa kuwa katika ujana wake moyo wake ulikuwa katika mambo mawili, elimu na kutupa mishale, hata akafika daraja ya kutupa kumi na zote zikapata.

Sasa izingatie hikima moja iliyo katika mlango huo. Katika mbio za farasi, mafakihi wameshurutisha farasi wenyewe wabainishwe, wala haijuzu baadaye kuwabadili. Katika shabaha, wanaobainishwa ni watupaji. Upinde wenyewe na mshale wenyewe haikushurutishwa kuvibainisha. Bali wamesema: hata wakiutaja upinde fulani kwa dhati yake, kutaja huko ni laghwi, nao waweza kubadilishwa kwa mwingine ulio mfano wake, na wakishurutisha usibadilishwe kabisa, aqdi yao imeharibika. Kwa nini ikawa hivyo? Kwa kuwa kinachojaribiwa katika mbio ni farasi, na kinachojaribiwa katika shabaha ni mtu.

Haya ndiyo maana tunayoyakusudia katika waraka huu wote. Na kwa kuwa mafakihi wamelisihisha shindano hili kwa kila silaha yenye manufaa katika vita, bunduki na bastola za leo zimeingia humo.

Fasili ya pili: Sura ya mchezo na hesabu yake

Shabaha iitwayo ya vitendo si ile ya kusimama mahali pamoja na kupiga duara moja kwa utulivu. Mpigaji husimama bastola yake ikiwa alani, akisikia mlio wa saa huichomoa, hutembea, hupita baina ya viambaza, hupiga shabaha nyingi zilizo mbali na zilizo karibu, na penginepo hubadili magazini njiani.

Asili yake ni California, nchi ya Marekani, katika miaka ya 1950. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanywa Zürich, Uswisi, mwaka 1975, akashinda Ray Chapman wa Marekani. Mwaka 1976 wapigaji wa nchi mbalimbali wakakutana Columbia, Missouri, wakaasisi shirikisho lijulikanalo kwa herufi IPSC, na rais wake wa kwanza akawa Jeff Cooper. Shiari yao ni mambo matatu: usahihi, nguvu na wepesi.

Hesabu yake ni hii. Shabaha ya karatasi ngumu ina sehemu tatu: ya katikati ni alama 5; ya pili ni alama 3 kwa risasi hafifu na 4 kwa risasi nzito; ya pembeni ni alama 1 kwa hafifu na 2 kwa nzito. Ukikosa hupunguziwa 10, na ukiipiga shabaha iliyokatazwa hupunguziwa 10. Kisha alama zilizobaki hugawanywa kwa sekunde alizotumia mtu. Tusistaajabu kwa daraja hizi, kwani mafakihi nao walipambanua baina ya mshale uliogusa tu, na uliotoboa usikae, na uliokaa, na uliopenya ukatoka ng'ambo.

Mfano wake: Zaid, Amri na Bakari wamepiga risasi 12 kila mmoja, zote hafifu. Zaid amepata zote katikati, alama 60, kwa sekunde 12: fungu lake ni 5. Amri amepata 8 katikati na 4 sehemu ya pili, alama 52, kwa sekunde 8: fungu lake ni 6.5. Bakari amekwenda mbio, sekunde 6 tu. Amepata 5 katikati, 3 sehemu ya pili, 3 pembeni, na moja amekosa. Alama zake ni 37, zikitolewa 10 hubaki 27, na fungu lake ni 4.5. Basi Amri ndiye aliyeshinda. Zaid amechelewa kwa kuogopa, na Bakari ameharibu kwa pupa. Mchezo huu haumpi tuzo mwenye haraka peke yake wala mwenye utaratibu peke yake, ila aliyevikusanya viwili kwa mizani. Na mizani hiyo haiuzwi dukani.

Fasili ya tatu: Katika kuchagua chombo

Kwanza, jua tabaka utakaloshindania kabla ya kutoa pesa. Wapigaji hugawanywa kwa vyombo vyao: liko tabaka la bastola za kawaida kama zitokavyo kiwandani, liko la bastola zilizoongezwa vioo vya kulengea na vizuizi vya mrusho, liko la bastola za silinda, na mengineyo. Aliyeongeza kitu kisichoruhusiwa katika tabaka lake hutolewa humo, akahesabiwa pamoja na wenye vyombo vikali kuliko chake. Kwa anayeanza, lililo bora ni tabaka la bastola za kawaida. Humo risasi za wote huhesabiwa hafifu, na magazini haianzi na zaidi ya risasi 15, basi mwenye mali na asiyekuwa nayo hukaribiana.

Pili, bastola na iwe kadiri ya mkono. Ishike kwa mkono wako wa nguvu, kasiba ikiwa sawa na mfupa wa mkono. Kama kidole chako hakikifikii kifyatulio ila kwa kuipinda bastola, hiyo si yako, hata ikiwa ya dhahabu. Ndogo mno hurukaruka, na nzito mno huchosha. Na isifiwayo kwa uzuri lakini hukwama, iache. Saa haimsubiri mwenye kukwamua.

Tatu, risasi. Nguvu yake hupimwa kwa kuzidisha uzito wake kwa mwendo wake. Ya greni 124 ikienda futi 1050 kwa sekunde, zidisha, kisha gawanya kwa 1000, utapata 130.2, na kima cha chini kinachotakiwa ni 125. Usishuke chini ya kima hicho, wala usizidishe kwa kujifakhirisha, kwani mrusho ukizidi mkono huchelewa kurudi.

Nne, vitu vidogo visivyosifiwa na watu. Mkanda mgumu usiolegea. Ala inayoishika bastola imara na kukifunika kifyatulio. Magazini kadhaa na mifuko yake. Miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio, na hivi viwili vya mwisho ni lazima. Mwenye bastola ya kadiri na ala nzuri ni bora kuliko mwenye bastola ya fakhari na ala mbovu. Kisha mali itakayobaki itie katika risasi za mazoezi na ujira wa mwalimu.

Na anayetaka ushahidi na atazame habari ya Jack Weaver, askari wa Los Angeles. Katika mashindano ya mwanzo wapigaji wengi walikuwa wakipiga kutoka kiunoni kwa mkono mmoja, na wengi walikuwa na bastola zijipakiazo zenyewe. Yeye alikuwa na ya silinda. Akaiinua mbele ya macho, akaishika kwa mikono miwili, akatazama kilengeo, akawashinda. Waliotaka kumshinda hawakukimbilia kununua bastola kama yake, bali walikwenda kujifunza namna ya kushika.

Fasili ya nne: Katika kuupata ustadi na adabu zake

Mtoto wa chuoni haanzi kwa kukimbia na sura. Huanza kwa herufi moja moja, aitoe mahali pake, kisha aziunganishe, na wepesi humjia mwisho bila ya kuutafuta. Aliyeanza kwa mbio husoma kwa makosa, na makosa yakishakuwa mazoea ni kazi ngumu kuyang'oa. Ndivyo ilivyo shabaha.

Herufi zake ni hizi: kushika, kutazama kilengeo cha mbele, kuvuta kifyatulio pasina kuitikisa kasiba, kuchomoa, kubadili magazini, na kutembea huku silaha ikiwa imetulia. Jifunze kila moja peke yake, polepole, mpaka iwe sawa mara nyingi mfululizo. Kisha ongeza mwendo kidogo. Ukiharibika, rudi nyuma. Sehemu kubwa ya mazoezi haya hufanywa pasina risasi. Toa risasi zote, ziweke chumba kingine, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kuwa chemba ni tupu, elekea ukuta usiopenyeka, ndipo ufanye. Robo saa kila siku ni bora kuliko kutwa nzima mara moja kwa mwezi.

Na uwanjani, kabla ya kupiga, watu hupewa dakika chache za kuitazama njia. Usizipoteze kwa mazungumzo. Hesabu shabaha, jua utasimama wapi na utabadili magazini wapi, kisha ihifadhi njia hiyo moyoni kama uhifadhivyo aya, mpaka uione umefumba macho. Na kila shindano likiisha, andika katika daftari: ulipata nini, ulikosa wapi, na kwa sababu gani.

Ama adabu za usalama, hizi hazina ruhusa wala udhuru. Ichukulie kila silaha kuwa ina risasi. Kasiba isielekee ila pale ambapo risasi haitadhuru. Kidole kisiingie katika kifyatulio unapotembea wala unapobadili magazini. Usiiguse bastola ila kwa amri ya msimamizi, au mahali palipotengwa, na hapo risasi zisiwepo. Katika kanuni za IPSC, aliyegeuza kasiba kupita kiasi cha robo duara upande wowote, au aliyetokwa na risasi pasi na kukusudia, hutolewa katika shindano zima siku ile ile, awe bingwa au mwanafunzi. Wako wanaoiona hukumu hii ni kali. Lakini kalamu ikikosea hufutwa, na risasi ikitoka hairudi. Na roho ya Muislamu, na ya kila aliyeharimishiwa damu yake, ni tukufu kuliko kikombe cha fedha.

Kisha usiimiliki silaha ila kwa idhini ya serikali ya nchi yako. Kenya iko sharia ya silaha, mlango wa 114, na Tanzania iko sharia ya mwaka 2015. Na katika nchi zote mbili hapana ruhusa ya kuweka silaha pasina cheti. Asiyekuwa nacho na akae na mshale au bunduki ya hewa kwa kadiri sharia inavyomruhusu, kwani jicho na mkono hujifunza humo pia.

Fasili ya tano: Mas-ala ya tuzo

Suali: Je, yafaa kupokea zawadi katika mashindano haya?

Jawabu: Hutazamwa imetoka wapi. Ikitolewa na serikali, au na mtu asiyeshindana, ni halali. Ikitolewa na mmoja wa wawili, akasema, "Ukinishinda utapata kwangu, na nikikushinda sikudai kitu," ni halali. Lakini kila mmoja akitoa kwa sharti ashindaye achukue vyote, hiyo ni kamari. Haifai ila akiingia kati yao mtu wa kiasi chao katika ustadi, asiyetoa kitu, akishinda hupata na akishindwa hapotezi. Kwa hivyo uliza kabla ya kuingia: ada tunayotoa ni ujira wa uwanja na wasimamizi, au ndiyo itakayorudi kuwa zawadi? Ikiwa ni ya kwanza, ingia. Ikiwa ni ya pili, jiepushe, hata wakikuambia kuwa ni desturi ya watu wote.

Khatima

Imepokewa katika Sahih Muslim makemeo kwa mtu aliyejifunza kutupa mishale kisha akauacha ustadi huo. Zingatia, ndugu yangu: makemeo hayakuwa juu ya aliyepoteza upinde, bali juu ya aliyepoteza alichojifunza. Upinde hununuliwa mwingine. Ustadi ukiachwa huondoka kidogo kidogo, na mwenyewe hajui mpaka siku ya haja.

Basi anayetaka kununua na ajiulize kwanza: je, nina mwalimu, nina wakati wa kila siku, na nina subira ya kuanza polepole? Akiwa navyo vitatu hivi, chombo cha kadiri kitamtosha. Akiwa hanavyo, na abaki na mali yake, awalishe watoto wake.

Mwenyezi Mungu atupe mikono yenye amana na macho yenye haya. Wallahu aalam.