Zoezi la Ufupisho: Ufunguo Anao Nani?

Katika Karatasi ya Pili, swali la ufupisho lina alama 15. Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa si kwa sababu hawakuelewa kifungu, bali kwa sababu wananakili sentensi nzima nzima, wanachanganya hoja na mifano, au wanatoa majibu katika aya ambazo hawakuulizwa. Kifungu kifuatacho kinahusu udhibiti wa teknolojia na data katika biashara, suala utakalokutana nalo kazini hata usipolikuta katika mtihani. Kisome mara mbili: mara ya kwanza upate picha nzima, mara ya pili ukiwa na kalamu mkononi.

KIFUNGU

Tarehe 27 Juni 2017, katika makao makuu ya kampuni ya meli ya Maersk jijini Copenhagen, Denmark, skrini za tarakilishi zilianza kugeuka nyeusi moja baada ya nyingine. Ujumbe uliotokea ulidai malipo ili data irejeshwe. Hata hivyo, aliyelipa hangepata chochote, kwa kuwa programu hiyo hasidi, iliyoitwa NotPetya, ilikuwa imeundwa kuharibu, si kufungua. Wala Maersk haikuwa shabaha. Walengwa walikuwa nchini Ukraine, na mnamo Februari 2018 serikali za Marekani na Uingereza zililaumu jeshi la Urusi kwa shambulio hilo. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Programu hiyo ilipitia wapi? Nchini Ukraine, kampuni nyingi zilikuwa zikitumia programu ya uhasibu iitwayo M.E.Doc kuwasilisha kodi. Wadukuzi waliingia katika seva za watengenezaji wake na kupachika sumu yao ndani ya masasisho. Wateja waliyapokea bila shaka yoyote, maana yalitoka kwa watu waliowaamini. Katika ofisi ya Maersk mjini Odessa, programu ya M.E.Doc ilikuwa imewekwa katika tarakilishi moja. Moja ilitosha, kwa sababu mtandao wa kampuni ulikuwa kama nyumba isiyo na milango ya ndani: aliyeingia sebuleni alifika hadi chumbani. NotPetya ilipenya kupitia ufa uliokuwa katika mfumo wa Windows. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha ufa huo Machi mwaka huohuo, lakini tarakilishi zisizotiwa kiraka zilibaki wazi. Kisha ilizoa nywila zilizosalia katika kumbukumbu za tarakilishi zilizotekwa na kuzitumia kufungulia nyingine, hata zile zilizokuwa zimetiwa kiraka.

Kati ya vituo 76 vya bandari vilivyosimamiwa na kampuni hiyo duniani, 17 viliathirika. Malango hayakufunguka, malori yalipanga foleni, na ikawa vigumu kujua kontena lipi lina nini. Simu za ofisini zilinyamaza. Wafanyakazi wakaanza kupokea maagizo ya wateja kupitia WhatsApp kwenye simu zao za kibinafsi. Data ya biashara ikahamia mahali ambapo kampuni haikuwa na mamlaka. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 200 na 300.

Pigo kubwa zaidi liliangukia seva zilizohifadhi orodha ya watumiaji wote na kuamua nani aingie wapi. Zilikuwa takriban 150, na kila moja ilibeba nakala ya orodha ileile ili moja ikiharibika zilizosalia ziendelee. Haikutarajiwa kwamba zingeweza kufutwa kwa pamoja, ilhali zote huunganishwa mtandaoni kwa wakati mmoja. Ilinusurika moja tu, nchini Ghana. Umeme ulikuwa umepotea huko kabla ya shambulio, na seva hiyo ikawa nje ya mtandao. Mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, hivyo diski ya seva ilipelekwa Nigeria, ikakabidhiwa mfanyakazi mwingine katika uwanja wa ndege, naye akasafiri nayo hadi London. Orodha ikarudi. Katika muda wa siku 10, kampuni ilijenga upya seva 4,000 na tarakilishi 45,000.

Kisa hiki kinaonyesha kuwa kumiliki mashine si sawa na kuzidhibiti. Kampuni inayotaka kubaki na usukani inapaswa kwanza kuwa na orodha ya programu, vifaa na akaunti zake zote, kwani huwezi kulinda usichokijua. Masasisho ya usalama yatiwe mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtandao ugawanywe ili moto wa jikoni usiteketeze nyumba nzima. Nakala za data zihifadhiwe, angalau moja ikiwa nje ya mtandao, na zijaribiwe mara kwa mara kuhakikisha kuwa zinaweza kurejeshwa. Maersk iliokolewa na kukatika kwa umeme, na bahati ya aina hiyo haipangwi.

Mwenye duka mjini Kisumu au Malindi anaweza kudhani haya ni mambo ya wakubwa. Lakini ukurasa wa biashara yake mtandaoni ulifunguliwa kwa barua pepe ya nani? Kama ni ya kijana aliyeajiriwa mwaka jana na sasa ameondoka, basi ufunguo wa duka anao kijana huyo. Akaunti zote zisajiliwe kwa jina la biashara, na mfanyakazi anapoacha kazi nywila zibadilishwe siku hiyohiyo. Taarifa za wateja, kama vile nambari za simu na za vitambulisho, zichukuliwe zile zinazohitajika tu. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayesimamia data ya watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua kuwa data hiyo imevuja na wenyewe wanaweza kudhurika. Kumpa mtu mwingine kazi ya kukuhifadhia data hakukuondolei wajibu huo.

MASWALI

(a) Kwa kurejelea aya ya pili na ya nne, eleza mambo yaliyoiwezesha NotPetya kuteka mitambo ya Maersk. (Maneno 55–60) (alama 7, 1 ya mtiririko)

(b) Kwa kurejelea aya ya tano na ya sita, fupisha hatua ambazo biashara inapaswa kuchukua ili kudhibiti teknolojia na data yake. (Maneno 60–65) (alama 8, 1 ya mtiririko)

JINSI YA KUJIBU SWALI (a)

Alama 7 ukitoa 1 ya mtiririko zinabaki 6. Kwa hivyo tafuta hoja sita, kila moja kwa maneno machache.

Matayarisho
- wadukuzi kupachika sumu katika masasisho
- masasisho kupokelewa bila shaka
- mtandao kutogawanywa
- tarakilishi zisizotiwa kiraka kuwa wazi
- nywila zilizosalia kutumiwa kufungulia nyingine
- seva za orodha zote kuwa mtandaoni kwa wakati mmoja

Nakala safi
Wadukuzi walificha programu hasidi katika masasisho ya programu ya uhasibu, nao wateja wakayapokea bila shaka. Mtandao wa kampuni haukuwa umegawanywa, hivyo tarakilishi moja iliambukiza nyingine. Aidha, tarakilishi zisizotiwa kiraka cha usalama zilikuwa wazi, na nywila zilizosalia katika kumbukumbu zikatumiwa kufungulia hata zilizotiwa. Hatimaye, seva za orodha ya watumiaji, isipokuwa moja, ziliharibiwa pamoja kwa kuwa zilikuwa mtandaoni wakati mmoja. (Maneno 58)

Tazama yaliyoachwa. Jina la mji wa Odessa na idadi ya seva ni maelezo ya ziada. Hoja husimama bila hayo. Mfano wa nyumba isiyo na milango ya ndani umegeuzwa kuwa lugha ya moja kwa moja: mtandao haukuwa umegawanywa. Safari ya diski kutoka Ghana inavutia, lakini inaeleza jinsi kampuni ilivyookoka, si jinsi ilivyotekwa. Malori na foleni vimo katika aya ya tatu, ambayo haikuulizwa. Mtahiniwa anayeviandika anatumia maneno yake bure.

Viunganishi "aidha", "hivyo" na "hatimaye" ndivyo vinavyokupatia alama ya mtiririko. Ukiorodhesha hoja kwa nambari katika nakala safi, alama hiyo huipati.

MWONGOZO WA SWALI (b)

Hoja zinazopatikana ni tisa, nawe unahitaji saba. Andika nakala safi yako kabla ya kulinganisha na orodha hii.
- kuwa na orodha ya programu, vifaa na akaunti
- kutia masasisho ya usalama mapema
- kugawanya mtandao
- kuhifadhi nakala ya data nje ya mtandao
- kujaribu nakala hizo mara kwa mara
- kusajili akaunti kwa jina la biashara
- kubadilisha nywila mfanyakazi anapoondoka
- kuchukua taarifa za wateja zinazohitajika tu
- kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 data inapovuja

Methali na maswali ya balagha hayahesabiwi kuwa hoja. Ukiandika "usipoziba ufa utajenga ukuta", umetumia maneno manne na hujapata alama. Andika "kutia masasisho mapema".

KABLA YA KUGEUZA UKURASA

1. Je, umesoma nambari za aya ulizoulizwa?
2. Je, hoja zako ni nyingi angalau kama alama zilizotengwa?
3. Je, umehesabu maneno ya nakala safi? Yakizidi, utatozwa alama.
4. Je, umepiga mstari kwenye matayarisho ili msahihishaji asiyachanganye na jibu?
5. Je, umesoma tena ukitafuta makosa ya upatanisho wa kisarufi? Sema "data ya wateja imevuja", si "data ya wateja amevuja".

Baada ya kujisahihisha, rudia swali (b) kesho bila kutazama orodha. Ukipata hoja saba na usizidishe maneno 65, nenda kwenye zoezi linalofuata.