SOMO LA ROBO HII: SATO, NGEGE NA KROMOSOMU



Sharika kadhaa za Magu zimeomba vifaranga vya sato kwa ajili ya mabwawa ya kuchimba, na nyingine kwa ajili ya malambo ya kijiji. Maombi ya mabwawa tumeyakubali. Ya malambo tumeyasimamisha, na ni haki yenu kujua sababu.

Ndani ya kila seli ya samaki mna kromosomu, yaani nyuzi ndogo zinazobeba urithi wa baba na mama. Binadamu anazo 46, sato 44. Perege mmoja wa Ziwa Nyasa, Oreochromis karongae, anazo 38, kwa kuwa kromosomu zake kadhaa ziliungana. Hata sato kwa sato hutofautiana: kromosomu inayoamua dume au jike si ile ile katika makundi yote. Kwa hiyo mfugaji anayechanganya mbegu za huku na huku asishangae madume yakitokea pungufu ya alivyotarajia.

Na ngege? Huyo ndiye samaki wa wazee wetu, kabla sato na sangara hawajaletwa ziwani miaka ya 1950. Leo yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Amesalia zaidi katika maziwa madogo na malambo ambamo sangara hakufika. Lakini ngege na sato huzaliana, na watoto wao nao huzaa. Katika Ziwa Kanyaboli, Kenya, watafiti waliopima urithi waliwakuta ngege wameshachanganyika na sato. Kwa macho si rahisi kujua. Hata wavuvi wazoefu hubishana.

Mzee mmoja wa kanisa alituuliza kama tunataka watu wale kitoweo au wale historia. Swali lake ni la haki. Kitoweo kitatoka mabwawani, ndiyo maana hatukuyazuia. Lambo likishaingia sato, hakuna wavu wa kumtoa.

Basi, kamati inayotaka kupandikiza lambo ivue kwanza samaki wachache waliomo, iwapeleke kwa afisa uvuvi wa wilaya wakatambuliwe. Wakihitaji vipimo zaidi, TAFIRI wapo Mwanza. Bwawa nalo lichimbwe mahali ambapo Mto Simiyu haufiki unapofurika. Maombi mapya yapitie kwa mchungaji wa usharika, yakiwa na majibu ya afisa uvuvi.