Nuru za Rangi Katika Sherehe ya Arusi

Fikiri arusi moja mjini Songea. Shangazi zake bibi arusi wamechangishana fedha kwa miezi kadhaa, wakanunua jora la kitenge chekundu na kushona sare. Mchana, uani kwao Mfaranyaki, sare hizo zapendeza kweli kweli. Jioni waingia ukumbini. Kamati imechagua rangi ya kijani kwa mapambo, na fundi amewasha taa za kijani kila upande. Mara shangazi mmoja ajitazama, ashtuka: "Jamani, mbona tumekuwa kama tuliovaa kaniki?"

Kweli, nguo zote zaonekana nyeusi, kana kwamba wamekuja matangani. Binti wa kaka yake amshika mkono. "Njoo nje kidogo, Shangazi." Barazani kuna taa nyeupe. Hapo kitenge ni chekundu tena! Je, nini kilitokea?

Ili tujibu, tuanze na nuru ya jua. Huenda umeona upinde wa mvua. Katika masika, mvua inapokatika alasiri na jua limeelekea magharibi, watu wa Songea huuona upinde huo mashariki, upande wa milima ya Matogoro. Rangi zake hazikutoka katika maji. Zilikuwamo katika nuru ya jua tangu mwanzo. Matone ya mvua yamezitenganisha tu. Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza, alilieleza jambo hili mwaka 1672, baada ya kupitisha mwali wa jua katika mche wa kioo na kuziona rangi zikijipanga ukutani.

Basi, nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Inapoangukia kitambaa chekundu, kitambaa hufyonza sehemu kubwa ya rangi nyingine na kuirudisha nyekundu. Hiyo inayorudishwa ndiyo inayofika machoni petu. Lakini nuru ya kijani peke yake haina wekundu wowote ndani yake. Kitambaa huifyonza, nacho hakina cha kurudisha. Mahali pasiporudisha nuru tunapaona peusi.

Jaribio. Tafuta tochi, karatasi za nailoni zinazopitisha nuru za rangi nyekundu, kijani na buluu (hata karatasi za peremende zafaa), nyanya mbivu, jani la mchicha na kipande cha kitambaa cheupe. Ingia katika chumba chenye giza. Funika kioo cha tochi kwa karatasi ya kijani, kisha mulika vitu hivyo kimoja kimoja. Nyanya itaonekana nyeusi au ya hudhurungi iliyoiva sana, kwa sababu karatasi zetu hupenyeza pia kiasi kidogo cha rangi nyingine. Kitambaa cheupe kitakuwa kijani, kwani cheupe hurudisha kila rangi kinayopewa. Rudia kwa karatasi nyekundu. Sasa jani la mchicha ndilo litakalopatwa na msiba.

Kwa hiyo gauni jeupe la bibi arusi halina hofu sana. Litafuata rangi ya taa. Chakula ndicho cha kuangaliwa. Wali chini ya taa ya buluu huonekana wa buluu, na nyama huonekana kama iliyooza. Mgeni hawezi kuitambua nyama nzuri na mbaya katika nuru hiyo, nami nisingependa kujaribu.

Nuru za rangi huchanganyika kwa namna isiyofanana na rangi za kupaka. Nuru nyekundu na ya kijani zikikutana ukutani hutoa manjano. Ukiongeza buluu, hupata nyeupe. Ndiyo sababu taa nyingi za siku hizi za kumbini zina vitaa vidogo vya rangi hizo tatu, na fundi huzipunguza au kuziongeza apendavyo. Taa hizi ni za LED. Ile ya nuru nyekundu ilipatikana mwaka 1962, lakini ya buluu yenye nguvu ilichelewa hadi miaka ya 1990. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

Balbu ya zamani yenye uzi hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Usiifunge kamwe kwa karatasi au kitambaa ili kupata rangi: inaweza kuwaka moto, na ukumbi umejaa mapazia. Taa za LED hutumia umeme kidogo, jambo lililokuwa na maana kubwa Songea, ambako mitambo ya dizeli ilitumika kuzalisha umeme mpaka mji ulipounganishwa na gridi ya Taifa kutoka Makambako mwaka 2018.

Katika arusi yetu, fundi alizielekeza taa za kijani kwenye kuta na dari, akaweka nyeupe juu ya wageni na meza ya maarusi. Shangazi wakainuka kucheza.

Maswali

1. Kitenge cha manjano kitaonekana cha rangi gani chini ya taa nyekundu? Jaribu kwanza, kisha eleza.
2. Ukumbi una balbu 12 za wati 100 kila moja. Zikiondolewa na kuwekwa taa 12 za LED za wati 9, ni wati ngapi zitaokolewa?
3. Kwa nini ni vema kukitazama kitambaa nje ya duka, juani, kabla ya kukinunua?