Ramadhani 14: Watu wasiojuana pale kisimani Madyan



Leo tuko Suratul Qasas, aya ya 22 mpaka ya 28. Kisa hiki tumezoea kukisikia kwenye nasaha za ndoa, na ile dua ya aya ya 24 inasambazwa sana kwenye simu kama dua ya kupata mke, mume au kazi. Si vibaya kuiomba. Lakini hebu tumtazame aliyeiomba alikuwa katika hali gani siku ile, maana kati yetu wapo walio katika hali kama hiyo usiku huu.

Nabii Musa (a.s.) alilelewa kwenye nyumba ya Firauni. Akampiga mtu ngumi, yule mtu akafa. Alitubu, na Allah akamsamehe, lakini wakubwa wa mji walikuwa wanapanga kumuua. Mtu mmoja akaja mbio kutoka mwisho wa mji kumtahadharisha. Akatoka na hofu, anaangalia huku na huku. Wafasiri wanapokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba njia nzima chakula chake kilikuwa majani, na nyayo zikamchunika. Madyan iko kaskazini-magharibi ya Bara Arabu. Kutoka Misri mpaka kule ni jangwa, jamani.

Sasa tuelewane: Manabii hawakati tamaa na rehema ya Allah. Ila kwa hesabu zetu sisi binadamu, mtu huyu alikuwa amekwisha. Hana kwao, hana pa kulala, hana anayemjua, na nyuma yake kuna damu.

Pale kisimani anakuta kundi la watu wananywesha wanyama wao, na pembeni mabinti wawili wanawazuia wanyama wao wasisogee. Anawauliza, mna nini? Wanamjibu kwamba hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana. Yaani nyumba ile nayo ilikuwa imeelemewa. Kila siku wanasubiri wenye nguvu wamalize, hakuna wa kuwasemea. Na pale kisimani palijaa wanaume, lakini hatusomi kwamba mmoja wao aliwauliza lolote. Aliyeuliza ni mgeni mwenye njaa.

Akawanyweshea. Hakuomba malipo, hakujieleza. Akaenda zake kivulini, na hapo ndipo akaomba ile dua, akimwambia Mola wake kwamba yeye ni fakiri wa kheri yoyote atakayoteremshiwa. Angalieni mpangilio wake: kazi kwanza, dua baadaye. Na aliyewasaidia wengine ndiye aliyekuwa na shida kuliko wote.

Halafu binti mmoja anarudi, anatembea kwa haya, anamwambia baba anakuita akulipe. Mzee huyu ni nani? Wengi wanasema ni Nabii Shuaib (a.s.), wengine wanasema siye, na Qur'ani haikumtaja jina. Tusipoteze muda hapo. Mimi kinachonishika ni aya ya 25. Musa alipofika alimsimulia mzee habari zake. Yaani mzee alikaa akamsikiliza mtu asiyemjua akieleza yaliyomkuta, na yaliyomkuta yalikuwa mazito. Hakumwambia kwanza lete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Alipomaliza, neno la kwanza tunalolisoma kutoka kwa mzee ni kumwambia asiogope, ameshaokoka na wale madhalimu. Habari ya kazi na ya ndoa ilikuja baadaye. Kwanza alisikilizwa, akatolewa hofu.

Baada ya hapo binti akashauri aajiriwe, kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Mzee akataka miaka 8, na ikiwa 10 basi hiyo ni hiari yake, wala hataki kumtia uzito. Mtu aliyekulia kwenye jumba la kifalme akawa mchunga mifugo wa mzee wa jangwani. Mzee akapata mkono wa kumsaidia, mabinti wakapumzika na wale wachungaji, naye akapata mke, nyumba na sababu ya kuamka asubuhi. Asubuhi ya siku ile hakuna hata mmoja wao aliyemjua mwenzake.

Ndugu yangu unayesoma hapa na moyoni unaona bora ufe tu: Mtume ﷺ alitukataza kuyatamani mauti kwa sababu ya dhara iliyotupata. Lakini hakukataza akanyamaza. Aliyezidiwa alimfundisha cha kusema, amuombe Allah amweke hai maadamu uhai ni kheri kwake. Basi usibaki peke yako usiku huu. Mwambie mtu mmoja, hata kama humjui vizuri. Baada ya Tarawehe mfuate imamu, au jirani yako wa safu. Na hospitali nenda. Kutibiwa moyo na akili si upungufu wa imani.

Na sisi wengine, pale kwenye mkeka wa futari kuna watu wanakuja kila siku, wanakaa mwisho kabisa, wanakula tende zao na kuondoka. Majina yao hatuyajui. Leo tusogee tukae nao, tuwaulize wanatoka wapi, halafu tunyamaze tusikilize. Mawaidha tuyaache kwanza.

Said bin Jubair aliulizwa Musa alitimiza muda gani kati ya ile miwili. Hakuwa na jibu, akaenda kwa Ibn Abbas. Akaambiwa: ule mrefu zaidi. Miaka 10 kamili kwa watu aliokutana nao kisimani. Alipoumaliza akasafiri na ahali zake, na njiani akauona moto upande wa mlima Tur. Hiyo ni aya ya 29, tutaisoma kesho in shaa Allah.