TAIRI KUBWA INATAKA DIFU YAKE



Vijiji vingi vina gari moja tu ya kutegemea. Ndiyo inayopeleka mazao sokoni. Ndiyo inayomkimbiza mgonjwa hospitali. Masika ikifika na barabara kuwa tope, watu husema: "Tufunge tairi kubwa, gari isikwame." Wazo si baya. Lakini tairi kubwa peke yake inaweza kuifanya gari ishindwe na mlima iliyokuwa ikiupanda siku zote. Leo tujifunze sababu yake. Kisha tupige hesabu ya kuchagua difu inayofaa. Ni kuzidisha na kugawanya tu. Chukua kalamu na daftari.

DIFU NI NINI?

Injini inazungusha giaboksi. Giaboksi inazungusha propela, yaani ule mtaimbo mrefu ulio chini ya gari. Propela inaingia kwenye difu, lile bonge la chuma lililo kwenye ekseli. Ndani ya difu mna gia mbili kubwa kwa kazi. Ya kwanza ni pinioni. Hiyo ni ndogo, nayo inazungushwa na propela. Ya pili ni krauni. Hiyo ni kubwa, nayo inapeleka nguvu kwenye magurudumu.

Tuseme krauni ina meno 37 na pinioni ina meno 9. Tunagawanya: 37 ÷ 9 = 4.11. Maana yake, propela inazunguka mara 4 na kidogo ili gurudumu lizunguke mara 1. Tuiite hiyo nambari ya difu.

Kumbuka hivi: nambari kubwa, nguvu nyingi na mbio kidogo. Nambari ndogo, mbio nyingi na nguvu kidogo.

TAIRI KUBWA INAFANYA NINI?

Tuseme tairi ya zamani ina kimo cha sentimita 80. Ikizunguka mara moja, gari inakwenda kama sentimita 251. Tairi mpya ina kimo cha sentimita 88. Ikizunguka mara moja, gari inakwenda kama sentimita 276. Injini ni ile ile, lakini sasa inasukuma gari mbali zaidi kwa kila mzunguko. Ni sawa na kuifunga baiskeli gurudumu kubwa zaidi la nyuma bila kubadili gia za mnyororo. Kwenye tambarare utafurahi. Kwenye mlima miguu itakuambia.

Gawanya 80 kwa 88. Utapata 0.91. Basi kama nguvu ya kusukuma ilikuwa sehemu 100, sasa zimebaki 91 hivi. Dereva mwenye mzigo mlimani ataanza kuchezea klachi ili gari isizime. Klachi itaungua. Tena spidomita itadanganya: ikionyesha 50, gari inakwenda 55.

HESABU YA KUCHAGUA

Kanuni ni hii:

Kimo cha tairi mpya ÷ kimo cha tairi ya zamani × nambari ya difu ya zamani.

Kwa mfano wetu:
88 ÷ 80 = 1.1
1.1 × 4.11 = 4.52

Sasa tafuta difu yenye nambari iliyo karibu na 4.52. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 9 zinatoa 4.56. Hiyo inafaa. Gari itarudia nguvu yake ya zamani, na spidomita itasema kweli tena.

Kama njia zenu ni za milima na mizigo mizito, chagua nambari iliyozidi kidogo. Kama ni tambarare na safari ndefu za lami, chagua iliyopungua kidogo. Lakini msipitilize. Nambari ikizidi mno, injini itapiga kelele na kunywa mafuta bure kwenye barabara nzuri.

UTAIJUAJE DIFU ULIYO NAYO?

Msiamini macho. Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, ilikuwa na difu ya 4.7. Land Rover 90, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984, ilikuwa na difu ya 3.54. Ukinunua difu kuukuu bila kuhesabu, unaweza kutafuta nguvu ukapata mbio.

Difu ikiwa imefunguliwa, hesabu meno. Ikiwa bado ipo kwenye gari, fanya hivi pamoja na fundi. Egesha mahali tambarare. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Weka gia huru. Inua gurudumu moja la nyuma na uliegemeze kwenye stendi imara, si jeki peke yake. Legeza breki ya mkono. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha gurudumu hilo mara 20, na mwingine ahesabu mizunguko ya propela akiwa pembeni. Mtu asilale chini ya gari. Ukipata mizunguko 41, gawanya kwa 10: difu ni 4.1. Tunagawanya kwa 10, si 20, kwa sababu gurudumu la pili limesimama.

KABLA YA KUTOA PESA

1. Gari inayovuta kwa magurudumu yote manne ina difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Zote mbili lazima ziwe na nambari moja. Zikitofautiana, zitavutana na kuvunjana. Basi weka hesabu ya kubadili mbili.

2. Krauni na pinioni hununuliwa pamoja, kama pacha. Kuzipanga kunataka fundi anayejua kupima nafasi kati ya meno.

3. Difu hairekebishi breki. Tairi kubwa huzipa breki kazi zaidi. Zikaguliwe.

4. Tairi ikizidi sentimita 8, gari inainuka sentimita 4 tu. Jiulizeni katika mkutano: sentimita 4 zinastahili gharama ya tairi na difu mbili? Pengine tairi za kimo kile kile, zenye meno mazito, pamoja na minyororo ya tope, zitatosha.

ZOEZI

Gari ina tairi za sentimita 75 na difu ya 4.1. Wanakijiji wanataka tairi za sentimita 90. Dukani kuna difu za 3.9, 4.56 na 4.88. Wachague ipi?

Jibu: 90 ÷ 75 = 1.2. Halafu 1.2 × 4.1 = 4.92. Wachague 4.88, tena mbili.

Msomeeni dereva wenu somo hili. Kisha mpime tairi zenu pamoja, kabla mtu hajafungua hata nati moja.