Kwa nini maji yanatoroka katika udongo wa volkano

Hapa Lac Vert mtu anamwagilia lengalenga asubuhi, saa nane udongo umeshakauka. Kosa si la jua peke yake.

Molekuli moja ya maji ina hidrojeni mbili na oksijeni moja. Oksijeni inavuta elektroni upande wake, basi inakuwa hasi kidogo, hidrojeni zinabaki chanya kidogo. Ndiyo maana molekuli zinashikana: hidrojeni ya hii inakamata oksijeni ya ile. Kwa kushikana huko maji yanapanda toka mizizi mpaka majani kama kamba. Molekuli moja ikitoka hewani, inavuta ingine nyuma yake. Udongo ukikauka sana, jani linalegea, na kamba yenyewe inaweza kukatika.

Sasa, changarawe ya Nyiragongo ina matundu makubwa. Maji yanashika ukuta wa tundu tu; ya katikati yanashuka chini, pamoja na urea iliyoyeyuka ndani. Hasara mara mbili! Komposti ina matundu madogo na sehemu nyingi zenye kukamata maji. Mbele ya kupanda, tieni viganja viwili katika kila shimo, kisha funikeni na majani makavu. Urea nayo igaweni mara mbili au tatu.