Sindano ya Ng'ombe na Nyumbu wa Serengeti



Ukimwuliza mtu ni nini kilichoiokoa Serengeti, atakutajia askari wa wanyamapori na bunduki zao. Sikatai. Wamefanya kazi kubwa, na baadhi yao wameuawa na majangili. Lakini katika somo la leo nataka tuitazame sindano ya ng'ombe.

Jina la Serengeti latokana na lugha ya Kimasai, nalo lina maana ya uwanda mpana usio na mwisho. Mwaka 1892 msafiri Mwaustria, Oscar Baumann, alipita nchi ya Ngorongoro akawakuta Wamasai wamebaki mifupa mitupu kwa njaa. Ng'ombe wao walikuwa wamekufa kwa sotoka. Ugonjwa huo uliingia pembe ya Afrika mnamo mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli, kisha ukashuka kusini mwaka hata mwaka. Uliua ng'ombe, nyati na nyumbu pamoja. Palipokosa mifugo na watu, vichaka vikaota, na mbung'o wakaingia.

Serengeti ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka ilibadilishwa, Ngorongoro ikatengwa, na Wamasai waliokaa Serengeti wakatakiwa kuhamia huko, ambako waliahidiwa kuishi na kuchunga. Jambo hili tusilipite mbio. Waliotakiwa kutoka ni watu walioishi na wanyama hao siku zote bila kuwamaliza, na ugomvi juu ya ardhi ya Ngorongoro haujakwisha hata leo.

Wakati huohuo Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani na mwanawe Michael walikuwa wakiwahesabu wanyama kwa ndege ndogo iliyochorwa milia kama punda milia. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai, Michael akafa. Amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro.

Sasa tuje kwenye sindano. Miaka ya 1950 ndama wengi wa nyumbu walikuwa wakifa kabla ya kukua. Watu wengi waliamini kuwa wanyama wa porini ndio waliohifadhi sotoka na kuwaambukiza ng'ombe. Basi serikali ikachanja ng'ombe wa vijiji na maboma yaliyozunguka hifadhi. Huko Muguga, karibu na Nairobi, Daktari Walter Plowright alitengeneza chanjo bora zaidi. Hakuna aliyemchoma nyumbu hata mmoja sindano. Walakini ilipofika mwaka 1963 au karibu na hapo, sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu pia. Kumbe ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza!

Mwaka 1961 nyumbu walikuwa yapata 260,000. Kufikia mwaka 1977 walizidi milioni moja. Midomo mingi hivyo ilikula majani ambayo zamani yalikauka na kuwaka moto kila kiangazi. Moto ulipopungua, miche ya migunga ilipata nafasi ya kukua. Yaani chanjo ya ng'ombe ilipanda miti! Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa sotoka imekwisha duniani kote.

Tusidhani kwamba habari imeishia kwa ng'ombe. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka kwa kifafa na kufa, na yapata theluthi moja yao wakatoweka. Ulikuwa ugonjwa wa mbwa, nao ulihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Tangu hapo madaktari wa mifugo wamekuwa wakipita vijijini kuwachanja mbwa dhidi ya ugonjwa huo na dhidi ya kichaa. Sindano ya kichaa humlinda pia mtoto wa mwenye mbwa, kwa maana kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, ni vigumu mno apone. Mbwa huletwa na watoto wa shule, mara nyingi wakivutwa kwa kamba ya katani, na foleni huwa ndefu tangu asubuhi.